Mama, Nitilie, Ila Usitie Hiki: Maombi Kumi Yanayogonga Mwamba Kariakoo

Jina la mama ntilie limetokana na ombi. Mtu alifika na njaa yake, akasimama mbele ya sufuria, akasema, "Mama, nitilie." Hakusema atiliwe nini. Alijua kilichopikwa ndicho kilichopo, na kilichopo ndicho kitakacholiwa. Watu wa semina wanapendelea kusema mama lishe, lakini mtaani jina la kwanza halijang'oka, kwa sababu limebeba mkataba mzima wa biashara: wewe unaomba, mama anatia.

Siku hizi mkataba huo unavunjwa kila mchana. Ikifika saa sita, kuanzia Mtaa wa Congo hadi Msimbazi, na kutoka Mnazi Mmoja hadi Posta, wateja wanavuta viti na kuanza kukifanyia chakula marekebisho kama rasimu ya katiba. Hiki kitoke, kile kiingie, kipengele cha tatu kifutwe. Jibu linawafuata papo hapo: "Haiwezekani, kaka."

Nimeyapanga maombi kumi, kutoka jepesi hadi zito, na kila moja limepewa hukumu. Ukiona nimelipa ombi lako nafasi isiyo yake, bishana. Ila kula kwanza, maana ubishi wa mwenye njaa hauna hoja.

10. "Mama, niongezee mchuzi"

Hili linafungua orodha kwa sababu ndilo pekee linalokubaliwa, na bila hilo hatuna kipimo cha mengine. Wali umeshaunywa mchuzi wote kabla ya kijiko cha nne. Unanyanyua sahani. Mama hasemi neno. Upawa unazama, unaibuka, unamimina. Bure.

Lakini uangalie vizuri ule upawa. Umepita katikati ya vipande vya nyama bila kugusa hata kimoja, kama bodaboda inavyopenya foleni ya Barabara ya Uhuru. Mchuzi ni wa umma, nyama ina hesabu. Ukiongeza "na kanyama kamoja", umeshatoka kwenye ombi namba kumi na kuingia kwenye deni.

*Hukumu: Limekubaliwa. Ukirudi mara ya tatu, njoo na sufuria yako.*

9. "Kahawa, ila weka maziwa kidogo"

Jioni, muuza kahawa anapita Msimbazi. Birika mkononi, makaa yakiwaka chini yake, vikombe vidogo vikigonganishwa mkono wa pili ili kijiwe kisikie. Kwenye benchi wazee na vijana wanajadili Simba, ambao makao yao yako mtaa huo huo, na Yanga wa Jangwani. Ndipo mgeni mmoja anaomba maziwa. Kijiwe kizima kinanyamaza; hata ile penalti ya utata inasubiri.

Kahawa hii inaitwa kahawa chungu. Utamu umepewa kazi yake pembeni: kashata. Unang'ata, unapiga funda, unang'ata tena. Mwitaliano ukimwomba cappuccino baada ya chakula cha mchana atakunja uso, lakini atakutengenezea. Mzee wa birika hawezi kukunyima maziwa, kwa sababu hana maziwa ya kunyima.

*Hukumu: Limekataliwa. Chungu ndilo jina lake, na mtu habadilishiwi jina barabarani.*

8. "Naomba urojo, ila usiweke urojo"

Waombaji wa hili wapo, na wanatembea mchana kweupe. Bakuli la Zanzibar mix lina viazi, bhajia, kachori, mishkaki, chatine ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zinazolia mdomoni. Chini ya yote kuna mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe bichi na ndimu. Huo mchuzi ndio urojo. Ukiutoa, umebaki na bhajia zilizopewa talaka.

Mtu wa urojo akikukatalia, usidhani ana roho mbaya. Kule New Haven, Marekani, upo mgahawa uitwao Louis' Lunch, ulioanza mwaka 1895. Hamburger yao inakaa kwenye mkate wa kuchoma, na ukiomba tomato sosi hupewi, uwe nani, utoke wapi. Watu wanapanga foleni hivyo hivyo. Fundi wa urojo na wale jamaa hawajawahi kuonana, lakini wangekutana wangepeana mkono.

Unachoruhusiwa kugusa ni pilipili. Nyingi, kiasi, au "inukie tu". Hapo bakuli ni lako.

*Hukumu: Limekataliwa. Ukitaka vitu vikavu, anza kwa muuza bhajia. Yuko pale pale jirani.*

7. "Pilau, ila nitolee bizari"

Tukae hapa kidogo, maana ombi hili linaonyesha mtu hajawahi kuona pilau likizaliwa.

Alfajiri, kabla maduka hayajafungua, mama amekwisha kukaanga vitunguu hadi vikawa na rangi ya kahawia iliyokolea, kwa sababu rangi ya pilau inatoka hapo. Nyama imechemka na supu yake imehifadhiwa. Tangawizi na kitunguu saumu vimetwangwa. Zimefuata bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Kisha mchele umemwagwa, ukanywa supu yote, sufuria ikafunikwa, na makaa yakapaliwa juu ya mfuniko ili moto uje kutoka pande zote mbili. Kila punje imelala na bizari usiku mmoja wa moto. Saa saba mchana unakuja wewe na kusema, "Nitolee."

Atoe na nini? Kibano? Maji yakimwagika hayazoleki, na bizari ikishaingia kwenye mchele haitoki hata kwa hati ya mahakama. Vijiti vya mdalasini na punje za karafuu zisogeze pembeni ya sahani mwenyewe, kama wafanyavyo watu wazima.

*Hukumu: Limekataliwa. Pilau bila bizari ni wali uliokosa nauli ya kwenda harusini.*

6. "Nibadilishie kidari, nipe paja"

Hesabu ya darasa la kwanza. Kuku mmoja ana mapaja mawili. Wateja kumi wamekuja, wote wanataka paja. Je, ni kuku wangapi watachinjwa, na vidari vyao ataoa nani?

Simama kwenye kibanda cha chipsi kuku saa mbili usiku utazame lile kabati la vioo. Taa inawaka, mafuta yanametameta, na ndani vimebaki vidari vinne vimepangwa kama wanafunzi waliofika na kukuta nafasi zimejaa. "Paja zimeisha, bosi." Mteja anaangalia kabati, anamwangalia kijana, anaangalia kabati tena, utadhani paja litatokea kwa huruma.

Nyumbani tatizo hili lilikwisha kutatuliwa zamani: firigisi ya baba, paja la mgeni, na watoto wakagawana kilichobaki wakishukuru. Kibandani hakuna mgeni wala baba. Kuna aliyewahi.

*Hukumu: Limekataliwa na kuku mwenyewe. Njoo saa kumi na mbili.*

5. "Niwekee kuku hapo" na "Niletee bia baridi"

Haya ni mawili, lakini nimeyafunga pamoja kwa sababu yanaishi karibu karibu.

La kwanza linatokea Kisutu, kwenye ule mtaa wa mahekalu ya Kihindu ambao siku hizi unaitwa Pramukh Swami. Mteja anaingia kwenye mgahawa wa wasiokula nyama, analetewa dengu, mboga na chapati nyembamba za moto, halafu anaomba "kakuku kidogo juu". La pili linatokea mitaa michache kutoka hapo, upande wa Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, kwenye kona ya Mamboz na majirani zake wa jiko la makaa. Moshi umetanda, meza zimetoka hadi barabarani, kuku anageuzwa, na mteja anaagiza bia kwenye mgahawa wa halali.

Imani mbili tofauti, dakika chache kwa miguu, jibu moja: hapana. Wala hakuna anayekasirika. Mhudumu wa Kisutu anakuambia kwa upole, mhudumu wa jiko la makaa anakupa soda au juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, na maisha yanaendelea. Naupenda mji huu kwa sababu hiyo. Katikati ya Dar kila mwenye mgahawa anajua mpaka wake, na wa jirani anauheshimu.

*Hukumu: Yamekataliwa kwa heshima zote. Kama kuku ni lazima, tembea. Kama bia ni lazima, tembea zaidi.*

4. "Zege, ila mayai yasichanganyike na chipsi"

Chipsi mayai imeitwa zege kwa sababu imeshikana. Kokoto ni viazi, saruji ni yai. Fundi anamwaga chipsi kwenye kikaango, anavunja mayai mawili juu yake, anazungusha, anasubiri pembeni pakauke, anabinua na sahani. Kachumbari, pilipili, vijiti viwili, kazi imekwisha. Sasa wewe unataka kokoto huku na saruji kule?

Kilio hiki kina historia ya kimataifa. Mwaka 1970 ilitoka filamu ya Kimarekani, Five Easy Pieces, ambamo Jack Nicholson anaingia mgahawani akitaka mayai ya kukaanga bila viazi, apewe nyanya badala yake, na mkate wa kuchoma. Mhudumu anagoma: hapa hatubadilishi. Basi jamaa anaagiza sandwichi ya kuku, kisha anaamuru kimoja kimoja kiondolewe, hadi kuku mwenyewe, ili abaki na mkate wake. Mwisho wake meza inafagiliwa, glasi zinaruka, na mkate hapati.

Angezaliwa Gerezani, angejua njia fupi: "Kaka, chipsi kavu, na mayai nikaangie pembeni." Hayo ni maagizo mawili, bei mbili, na fundi hana kinyongo. Zege halibomolewi ukishaagiza zege. Unaagiza vitu vyake kabla havijakutana.

*Hukumu: Limekataliwa, lakini rufaa ipo. Tatizo lilikuwa jina ulilotaja, wala si yai.*

3. "Toa nyama, halafu nipunguzie bei"

Ombi la wanauchumi wa kijiweni. Hoja yao naijua: nyama ukiirudisha sufuriani atauziwa mwingine, kwa hiyo mama hapotezi kitu.

Sikilizeni hesabu ya mama. Amenunua nyama kwa kilo, amekata vipande, amepika wali wa kutosha vipande hivyo. Kila sahani inayotoka imefunga ndoa: wali wake, kipande chake, kijiko cha mchicha, ndizi mbivu au tikiti pembeni. Wewe ukichukua wali na kuacha kipande, jioni mama anabaki na nyama isiyo na wali. Nani ataila peke yake, na kwa bei gani? Anayebaki na hasara ni yeye, wewe umeshapanda mwendokasi.

Tena sahani unayoitaka ilikwisha kuwa na jina na bei yake. Inaitwa wali maharage. Ilikuwepo muda wote, kwenye sufuria ya pili kushoto.

*Hukumu: Limekataliwa. Usivunje ndoa ya watu ili upate punguzo.*

2. "Naomba hiki hapa, namba kumi na nne"

Ombi hili halibadilishi chochote. Mteja ameshika menyu iliyofunikwa plastiki, kurasa nzima za picha za rangi, kidole kimetua kwenye chakula kilichoandikwa na mgahawa wenyewe. Mazungumzo yanakwenda hivi, saa sita na nusu mchana:

"Makange ya samaki."

"Imeisha, dada."

"Mchemsho wa kuku?"

"Usubiri kama saa moja."

"Biriani?"

"Mpaka Ijumaa."

"Sasa kuna nini?"

"Wali kuku, wali samaki, chipsi."

Tazama sasa nani anayembadilishia mwenzake chakula. Mteja akiomba kitu kimoja kibadilishwe anaambiwa haiwezekani, lakini mgahawa umebadilisha menyu nzima bila kumwomba ruhusa. Ndiyo maana wenyeji wa Kariakoo hawaishiki kabisa ile plastiki. Wanauliza swali moja tu: "Leo kuna nini?"

Linganisha na mama ntilie wa uchochoroni. Hana karatasi wala picha. Ukifika anafunua mfuniko wa kwanza, mvuke unapanda: maharage ya nazi. Wa pili: nyama. Wa tatu: dagaa. Mfuniko ndio menyu yake, na haujawahi kumdanganya mtu.

*Hukumu: Mteja ameshinda, mgahawa umehukumiwa. Chukueni kalamu mfute kisichopikwa.*

1. "Naomba chai isiyo na sukari"

Namba moja, na hapa nakutafadhalisha usipite haraka.

Asubuhi, mzee mmoja ametoka kliniki. Amefunga tangu jana kwa ajili ya kipimo, kadi iko mfuko wa shati. Anakaa kwenye benchi, anasalimia, anaagiza chapati moja na chai. "Mama, yangu isiwe na sukari." Mama anaangalia chupa ya chai, anaangalia chini. "Yote ina sukari, baba. Nimeshatia." Mzee anafikiri kidogo, halafu anasema, "Basi nipe hiyo hiyo."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyolipa ombi hili nafasi ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, uliona kwamba takriban 9 kati ya 100 walikuwa na kisukari, na mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwenye benchi lenye watu wanne, hesabu mwenyewe. Mzee yule hakuwa anachagua ladha. Alikuwa anafuata maelekezo ya daktari, na chupa moja ikamshinda.

Wenye mzio nao wamo humu humu. Mchicha wa Kariakoo unaweza kuwa na karanga zilizotwangwa hadi zikapotea machoni, na kwa mtu ambaye mwili wake unazikataa karanga, kijiko kimoja kinatosha kumpeleka hospitali. Hapo jibu la "haiwezekani, dada, huu una karanga" ni jibu la heshima. Limemwokoa. Jibu la kutisha ni la yule mhudumu mwenye haraka anayesema "hamna karanga" bila kuuliza jikoni. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, migahawa inapaswa kumwambia mteja kama chakula kina kitu chochote kati ya vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio, karanga zikiwemo. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria ili kusema ukweli kuhusu mchicha.

*Hukumu: Likubaliwe. Na kama haliwezekani leo, liwezekane kesho asubuhi.*

Basi orodha imekwisha, na ubishi uanze. Najua kuna mtu wa paja anayesema ameonewa, na kuna mtu wa urojo mkavu ambaye hatanisalimia tena. Msimamo wangu ni huu: ladha ni ya mpishi, afya ni ya mlaji. Mama aliyeamka saa kumi usiku kupika sufuria moja kwa ajili ya watu mia ana haki ya kukataa kuipika upya kwa ajili ya mmoja. Mlaji naye ana haki ya kujua kilichomo kabla hajapeleka mkono mdomoni.

Mteja mwenzangu, uliza kabla sahani haijapakuliwa, na uanze na "shikamoo". Ombi lililofika kabla ya upawa lina nafasi. Lililofika baada yake ni lawama.

Na wewe mama ntilie, na baba ntilie pia, kesho weka chupa mbili za chai. Moja itie sukari kama kawaida, nyingine iache, na bakuli la sukari likae mezani. Sukari utakayotumia itapungua, na yule mzee wa kliniki atakuwa mteja wako wa kila wiki.

Chupa ya pili. Hilo tu.